Baiskeli Arabuko-Sokoke, miguu Watamu: safari ya siku mbili niliyoilipia mwenyewe

Naanza na bei kwa sababu najua ndiyo inayotafutwa. Mwezi wa Januari tulilipa shilingi 9,500 kila mtu, mimi na binti wa dada yangu. Ndani yake mna malazi ya usiku mmoja Watamu (pwani ya Kenya), baiskeli, kiongozi wa siku zote mbili, chai ya asubuhi na chakula cha mchana cha msituni. Viingilio viko nje ya bei hiyo: msitu wa Arabuko-Sokoke, magofu ya Gede na daraja la mikoko la Mida, kote unalipa mwenyewe. Malipo ya msitu hupitia eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, basi simu iwe na chaji na M-Pesa iwe na kitu, noti hazikusaidii. Na kitambulisho usikisahau, kwa sababu bei ya mwananchi na bei ya mgeni ni mbingu na ardhi.

Wanaouza safari ya namna hii pale Watamu ni kadhaa, wenye ofisi na wasio na ofisi, na njia wanazopita ni zilezile. Kwa hiyo nitaihakiki safari yenyewe, na mambo ya kuulizia kabla hujatoa pesa. Kiongozi tuliyepewa alistahili pesa zote peke yake. Baiskeli, lau mimi ndiye mwenye kampuni, ningeona haya kumkabidhi mtu.

Mjue pia anayesema ni nani. Nina miaka 47, nafanya kazi kwa wakala wa forodha Mombasa, kutwa niko kwenye kiti nasukuma makaratasi ya makontena. Baiskeli nilijifunza utotoni Majengo, nikaiacha nilipokuwa mwanamwali kama ilivyotakiwa, nikairudia ukubwani daktari aliponitisha na sukari. Navaa hijabu. Kofia ya kinga inakaa vizuri tu juu ya hijabu ya pamba nyembamba. Ile ya kitambaa cha kuteleza itakufanya ushikilie kichwa njia nzima. Haya nayaandika kwa sababu akina mama wenzangu huniuliza pembeni, hawaulizi mbele za watu.

Tulichukuliwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, bado giza. Usilalamikie saa hiyo. Januari ni kaskazi, jua likishapanda mchanga wa msituni unawaka na ndege wananyamaza, na wewe utakayeingia saa tatu utalipa kiingilio kilekile uone miti tu. Kituo cha msitu cha Gede kiko kandokando ya barabara ya Malindi, ukishapita njia panda ya Gede kuelekea Mombasa. Miaka yote nimepita hapo ndani ya matatu nikisinzia, sikuwahi kujua kwamba upande ule wa barabara pana kilomita za mraba 420 hivi za msitu, na kwamba ndio mkubwa uliobaki katika misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Zamani misitu hii ilikuwa mkanda kutoka kusini mwa Somalia mpaka Msumbiji. Sasa ni viraka, na hiki ndicho kiraka kikubwa.

Kiongozi ni kijana wa Kigiriama aliyezaliwa kijiji kinachopakana na msitu. Waongozaji wa Arabuko-Sokoke wana chama chao, na huyu ni mmoja wao. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza ukipiga simu ni hili: kiongozi wenu ni wa chama cha msitu, au ni kijana wa ufukweni mliyempa baiskeli? Tofauti utaiona ndani ya dakika kumi. Wetu hakuwa anaendesha baiskeli na kuzungumza kama redio. Alikuwa kimya, anasimama ghafla, anatega sikio, ananyoosha kidole. Mara ya kwanza aliponyoosha nilikuwa bado nahangaika na gia, nikaambiwa, "Mama, tazama chini, si juu."

Alikuwa sange. Mnyama mwenye pua ndefu inayochezacheza, miguu ya nyuma mirefu, mwili wa hudhurungi, na matakoni ana kiraka cha manjano ya dhahabu utadhani amekalia rangi. Alikuwa anapekua majani makavu kandoni mwa njia. Tulisimama kama hatua kumi kutoka kwake. Baadaye akashtuka, akaruka mbiombio huku mkia unachapa majani, na kile kiraka ndicho cha mwisho kuonekana. Kijana akatueleza kwamba ngozi ya pale kwenye kiraka ni nene kuliko kwingine mwilini, na madume ndiyo yenye unene zaidi, kwa sababu wakigombana huumana huko. Mnyama huyu makao yake makuu duniani ni msitu huu. Mtoto wa dada yangu, ambaye ana shahada na simu ya gharama, akasema hajawahi kumsikia. Mimi pia, na nimezaliwa kilomita mia moja kutoka hapo.

Ukipanda baiskeli kutoka Gede kwenda magharibi unavuka misitu mitatu, na hutahitaji kuambiwa umevuka kwa sababu tairi inakwambia. Mwanzo udongo ni wa kijivu, mgumu, kivuli kizito, miti mchanganyiko. Hapo unaendesha kwa raha. Tuliona mbambakofi, ule mti ambao mbao zake zilitengenezewa milango ya kuchonga ya miji yetu, na chini yake maganda yaliyopasuka yenye mbegu nyeusi zilizovaa kikofia chekundu. Baadaye miti inaanza kuachana, jua linaingia, na ardhi inakuwa nyeupe. Hiyo ni sehemu ya miti ya mirihi. Mchanga wake hauna rutuba, hakuna aliyetamani kuulima, na kwa mguu ni mzuri kutazama. Kwa baiskeli ni mtihani.

Kabla hatujauingia, kijana alitusimamisha. Akaibonyeza tairi ya mbele ya baiskeli yangu kwa kidole gumba, haikubonyea hata kidogo, akatikisa kichwa. Akachuma kijiti, akakisukuma ndani ya vali, fyuu, upepo ukatoka. Akabonyeza tena, akatoa tena kidogo, mpaka kidole kikawa kinazama kiasi cha ukucha. Akafanya hivyo tairi zote sita, bila haraka. "Sasa itatambaa," akasema, "haitazama." Kisha masharti: gia nyepesi, usishike breki, usikate kona ya ghafla, macho yatazame mbali, wala yasitazame tairi. Nilianguka palepale, taratibu, kwa ubavu, kwenye mchanga laini, hapana neno. Baada ya hapo nikashika masharti na baiskeli ikatambaa kweli. Kuna kipande kirefu tulishuka tukasukuma, na asikudanganye mtu kwamba kila mahali panaendeshwa. Mwezi wa Januari mchanga umekauka kabisa. Yeye mwenyewe alisema mvua ikinyesha kidogo ndiyo siku nzuri, mchanga unashikana, ila ikizidi, upande wa udongo mwekundu unageuka utelezi.

Ule udongo mwekundu ndio msitu wa tatu. Vichaka vinasongamana, miti inakuwa mifupi, huoni hatua tano ndani. Hapo tulikuta mavi ya ndovu katikati ya njia, chungu nzima. Ndovu wapo Arabuko-Sokoke, ndani ya ua wa umeme, na watu wengi hawajui. Kijana akashuka, akayapasua kwa ncha ya kiatu, akainama, akasema ni ya usiku wa jana, amekwenda upande ule. Kuanzia hapo akatutaka tuzungumze kwa sauti, tusimshtukize mwenye nyumba. Mtoto wa dada yangu akazungumza kwa saa nzima bila kupumua.

Kilichotupeleka mpaka huko ni bundi. Kuna bundi mdogo wa Sokoke, wa hudhurungi au wa kijivu, asiyezidi kiganja cha mtu mzima, anayeishi katika vichaka hivi na katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki upande wa Tanzania, basi. Tuliacha baiskeli njiani, tukamfuata kijana ndani ya kichaka tukiinama, miiba inavuta nguo. Akasimama, akanionyesha kwa kidevu, sikuona kitu. Akanishika bega akanisogeza hatua moja kushoto. Walikuwa wawili, wamebanana kwenye kijiti kimoja, usawa wa uso wangu, macho yamefumbwa nusu, manyoya yana madoa hata huwezi kusema bundi anaishia wapi na tawi linaanzia wapi. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu husoma dua. Mtoto wa dada yangu alikuwa amenishika mkono mpaka kucha zikaingia. "Mama mdogo, tutoke," akaninong'oneza. Nikamwambia subiri. Kijana alimruhusu apige picha bila mwanga wa taa, na moja tu. Hilo nalo ni jambo la kumpimia kiongozi: anayekuruhusu umulike ndege aliyelala anataka bahashishi yako, hana haja na msitu.

Kwa kazi kama hiyo ningelipa tena kesho.

Sasa baiskeli. Yangu kiti kilikuwa kinashuka kidogo kidogo, kila baada ya muda magoti yanakaribia kidevu. Gia kati ya saba zilizoandikwa zilikuwa zinaingia tatu. Ya mtoto wa dada yangu cheni ilitoka mara kwa mara, na kila ikitoka kijana anairudisha kwa kijiti mikono imejaa grisi. Hayo ningesamehe. Nisilosamehe ni pampu. Ukishapunguza upepo kwa ajili ya mchanga, lazima uujaze tena kabla ya lami, na pampu waliyotupa ilikuwa inapumua pembeni, haijazi hata puto. Tulirudi njia panda ya Gede kwa tairi zilizolegea, barabara ya Malindi, malori yanatupita, na mapaja yanawaka moto. Pale stendi yuko fundi baiskeli chini ya mkwaju. Alijaza tairi zote kwa shilingi chache, kisha akatazama kiti changu, akakata kipande cha tyubu kuukuu, akakizungusha kwenye bomba la kiti, akakaza nati. Hakikushuka tena mpaka safari inaisha. Kampuni imeshindwa na kipande cha tyubu!

Nilimweleza mwenye kampuni jioni, bila matusi lakini bila kupunguza. Alijaribu kusema ni mchanga unaharibu baiskeli. Nikamwambia mchanga haukuja jana. Kesho yake, tukiwa tunarudi, hatujafika Kilifi, simu ikaingia shilingi 1,000. Nalihesabu hilo kwa upande wake.

Chakula cha mchana kilikuwa mkate wa slesi na jibini iliyokwishayeyuka, yai moja na soda ya moto. Pwani hii! Pale Gede mama mmoja anauza mahamri na mbaazi za nazi tangu alfajiri, na kwa bei ya ule mkate tungekula tukasaza. Maji pia walitupa chupa ndogo mbili mbili, hayakufika hata saa nne. Beba lita tatu zako. Chumba cha kulala: feni, neti nzima, maji ya bomba yana chumvi, kitanda kizuri. Sina la kuongeza.

Magofu ya Gede huwekwa mwisho wa siku ya kwanza, na nadhani ni sawa kwa sababu ni kivuli na unatembea polepole, miguu inahitaji hivyo. Mji wa mawe wa Waswahili, wenye ukuta, msikiti mkuu, jumba na visima, uliokaliwa kuanzia kama karne ya 12 mpaka ya 17, na Wareno waliokuwa jirani hapo Malindi hawakuutaja. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO ikauandika katika orodha ya urithi wa dunia. Kiongozi wetu hapo alimwachia wa magofu, ndivyo utaratibu ulivyo. Mimi nilivutiwa na vyoo na mifereji ya maji kuliko jumba lenyewe. Watu waliokuwa na nafasi ya kuoga ndani ya nyumba karne hizo, na leo mtaani kwetu tunapanga foleni ya mtungi. Kima wapo wengi, usishike ndizi mkononi. Katika uwanja huohuo uko mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993: wanakijiji wa kandoni mwa msitu hufuga vipepeo, na mabuu wakiwa kwenye vifuko vyao husafirishwa kwa ndege hadi majumba ya maonyesho ya Ulaya na Marekani. Mkulima anapata pesa msitu ukiwa umesimama. Ingia, hata kwa robo saa.

Siku ya pili ni miguu, na hapa ndipo panapojulisha anayejua pwani na asiyejua. Njia ya ufukweni Watamu haiendi kwa saa yako, inaendeshwa na maji. Kampuni nyingine zinakuandikia "matembezi ya ufukweni saa mbili asubuhi" mwaka mzima, kana kwamba bahari imeajiriwa. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpya au umekamilika, upande wetu maji hupwa sana kama saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa alasiri. Wakati wa maji mafu hayaendi mbali, na kupwa kwake huangukia alfajiri na jioni. Kwa hiyo ukitaka kutembea juu ya mwamba mpaka visiwani, chagua siku za bamvua. Kijana wetu alikuwa na karatasi ya maji kwenye simu, lakini aliitazama kunionyesha mimi tu. Yeye mwenyewe alihesabu mwezi kwa vidole.

Tulianza saa tatu maji yanaondoka, kutoka ghuba ya Blue Lagoon kwenda kusini kuelekea Turtle Bay. Visiwa vya pale ni matumbawe ya kale yaliyoinuka, mawimbi yameyala chini, juu yamebaki mapana yana vichaka. Maji yakipwa unavifikia kwa miguu, unapita chini ya mwamba ulioinama, na ukuta wake umejaa chaza wadogo na makoa wanaokwaruza. Viatu: usije na ndara. Kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi kwenye madimbwi, na mwamba wenyewe ni wembe. Mimi nilivaa raba kuukuu na soksi, nikaziacha zilowe. Mtoto wa dada yangu alikuja na ndara za kamba za dhahabu kwa ajili ya picha, na kijana akamvulia sandali zake za tairi akampa, yeye akatembea peku juu ya mwamba ule kama yuko sebuleni.

Eneo hili ni hifadhi ya bahari tangu 1968, pamoja na Malindi ni za kwanza Kenya, kwa hiyo gamba la kome hata moja haliingii mfukoni. Tulikutana na familia iliyokuwa imejaza ndoo. Kijana aliwasalimu, akachuchumaa na watoto wao, akawaonyesha kaa aliyejihifadhi ndani ya gamba mojawapo, hakusema neno la sheria. Tulipogeuka nyuma, baba alikuwa anaimimina ndoo baharini.

Ukiendelea mpaka upande wa Garoda ufuo unapanuka, mchanga mweupe laini, na watu wanapungua. Kwa msimu wake kasa hupanda hapa kutaga. Shirika la Local Ocean Conservation, walioanza mwaka 1997, wana walinzi wanaozunguka usiku kulinda viota, na wana utaratibu mwingine ninaoupenda zaidi: mvuvi aliyemnasa kasa kwa bahati mbaya anawapigia simu, wanamchukua, wanampima na kumtazama maradhi, wanamwachia, na mvuvi anapewa kifuta jasho. Kituo chao kina matangi ya wagonjwa. Alikuwapo kasa mkubwa anayeelea upande mmoja, hawezi kuzama, tumbo limeziba na takataka za plastiki. Mlezi wake alikuwa akimpa mwani kwa mkono, jani moja moja, akimwita kwa mluzi.

Kutoka hapo tulipanda tuktuk mpaka hori la Mida, maji yanaanza kurudi, na huo nao ndio wakati wake. Wenye haraka huja Mida maji yakiwa yamekauka kabisa, ndege wako mbali kwenye matope, huoni ila vidoa. Ukisubiri maji yapande yanawasukuma kwako. Daraja la mbao na kamba linaning'inia katikati ya mikoko kwa mita 260, linayumba, na kila anayepita mbele yako anakurusha kidogo. Mwisho wake pana kibanda cha kuchungulia ndege. Januari wamo ndege wageni wa kutoka kaskazini ya dunia kwa maelfu, na wamo ndege weupe kwa weusi wenye mdomo mnene, wanaokamata kaa, wanamtikisa miguu ikamwagika, kisha wanameza. Nilimtazama mmoja akishughulika na kaa aliyemzidi. Alimweka chini, akamchukua, akamweka, kaa akainua gando, ndege akazunguka nyuma yake. Hatukujua nani angeshinda kwa muda mrefu. Alishinda ndege.

Kiingilio cha daraja hili huenda kwenye karo ya watoto wa sekondari kutoka vijiji vya kando ya msitu na hori, katika mpango ambao shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya waliuanzisha mwaka 2001. Anayesaidiwa, familia yake nayo inajifunga kutunza miti. Kijana wetu ni zao la mpango huo. Hakutangaza, nilimuuliza amesoma wapi, ndipo ikatoka. Na mikoko aliijua mmoja mmoja: mkoko wenye mizizi ya kuchuchumaa, mchu wenye vijiti vinavyochomoza matopeni, mkandaa, muia, mlilana wa mbele kabisa baharini. Babu yangu mzaa mama alifanya kazi kwenye jahazi zilizopeleka boriti Arabuni, kabla serikali haijapiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982, na majina haya niliyasikia utotoni kama majina ya bei. Sikuwahi kuuona mlilana ukiwa hai mpaka siku hiyo.

Chakula cha siku ya pili hakimo kwenye bei, na afadhali. Nenda Dabaso, kwenye mkahawa wa kikundi cha wanakijiji juu ya maji, wanaouita Crab Shack, uagize sambusa za kaa. Manda nyembamba, kaa wa kweli si viazi vyenye harufu ya kaa, ndimu na pilipili pembeni. Tuliagiza sahani mbili, zikaja, tukaagiza nyingine kabla ya kumaliza za kwanza. Fika kabla ya jua kuzama upate nafasi ya meza ya ukingoni. Wikendi hujaa.

Kwa wanaouliza kuhusu swala: Gede pana msikiti karibu na njia panda, na kule msituni kijana alitusimamisha mwenyewe, akatuonyesha mahali safi chini ya mrihi, akaenda kukaa mbali na baiskeli. Kwa wanaouliza kuhusu watoto: ufukweni na Mida, wapelekeni wote. Baiskeli za msituni, mtoto ambaye hajazoea gia atalia kwenye mchanga mweupe nanyi mtambeba yeye na baiskeli yake. Mwombeni kiongozi abaki kwenye sehemu ya udongo wa kijivu, sange mtamwona hapohapo.

Na ukipiga simu kuagiza, uliza hivi, kwa mpangilio huu. Tairi zenu ni pana kiasi gani? Pampu inafanya kazi, naweza kuijaribu? Bamvua ni lini wiki hiyo? Wakijibu la tatu bila kusita, endelea nao, hayo mawili ya kwanza utapambana nayo kwa fundi wa chini ya mkwaju. Mimi narudi mwezi wa Oktoba, ndege wa Mida wakianza kufika, na baiskeli nitaenda na yangu: nimekwisha kuzungumza na dereva wa matatu ya Malindi, anaipandisha juu ya keria kwa nauli ya mtu mmoja.